Kupunguza umeme ofisini bila kugombana na watu: mwongozo kwa mnaonunua LUKU

Huu mwongozo nauandika kwa yule mtu mmoja ambae kila LUKU ikianza kupiga alamu yeye ndo anaitwa. Kila ofisi ina mtu wa hivyo, mara nyingi ni afisa utawala, au mhasibu, au yule dada wa mapokezi ambae hakuna aliyemkabidhi hiyo kazi ila akajikuta anayo. Mwisho wa mwezi bosi anauliza mbona umeme umeenda hela nyingi hivi, na wewe huna jibu zaidi ya "AC bosi", ambalo ni jibu sahihi lakini halimsaidii mtu.

Mfano ntakaotumia ni ofisi ya kawaida ya Dar, ile nyumba iliyogeuzwa ofisi kule Mikocheni au Sinza, au nusu ya floo kwenye jengo la mjini, watu kumi mpaka thelathini, AC kila chumba, friji moja, dispensa ya maji, mashine ya fotokopi na sava ndogo imejificha kwenye stoo. Ukiwa Tanga au Mtwara joto ni lile lile, na Zanzibar pia, ila huko Zanzibar we badilisha bei tu. Ukiwa Njombe au Arusha sehemu ya AC iruke, kamalizie zilizobaki.

Kabla hatujaanza naomba tuelewane kitu. Umeme wa ofisi unaondokea sehemu mbili kubwa: kwenye AC, na kwenye masaa ambayo ofisini hamna mtu. Vingine vyote ni chenji. Sasa unakuta ofisi nyingi zinaanza na hizo chenji, wanaprinti karatasi ZIMA TAA UKITOKA wanabandika kila mlango, wiki mbili karatasi imeshakuwa sehemu ya ukuta hamna anaeiona, na AC ya chumba cha mikutano inaendelea kuunguruma toka asubuhi na kikao kiliisha saa nne.

Hatua ya 1: Jua uniti moja mnainunua shilingi ngapi

Hapa wengi wanakisia. Chukua meseji ya ununuzi wa LUKU, gawanya hela uliyolipa kwa uniti ulizopata (uniti moja ni kilowati saa moja, kWh). Ila usitumie ule ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwasababu toka Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, itakuharibia hesabu. Tumia wa pili.

Kwa mteja wa T1, ambalo ndo kundi la ofisi na biashara ndogo nyingi, bei iliyopangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti, halafu juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, ukijumlisha unafika kama 356. Ndo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata uniti 28 hivi. Hiyo 356 ndo ntaitumia kwenye hesabu zote huku chini.

Sasa kuna kitu cha kuangalia kwa ofisi zilizopanga nyumba za kuishi. Mita inaweza ikawa bado imekaa D1, lile kundi la matumizi madogo ya nyumbani, uniti 75 za kwanza shilingi 100 kila moja halafu zinazozidi hapo ni 350, bado kodi. Mtu akisikia mia moja anaona kapata bahati. Ofisi yenye AC uniti 75 inazimaliza ndani ya siku chache, na zilizobaki zote mnalipia 350 badala ya 292. Ofisi haina biashara ya kukaa D1, andikeni barua TANESCO mbadilishiwe.

Na kama mita mnachangia na wapangaji wengine, yaani saluni chini, nyie juu, na mwenye nyumba ndo anagawa kwa kukadiria, basi kabla ya kufanya chochote kwenye mwongozo huu fungeni mita ndogo ya ndani kwenye upande wenu. Zinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme na fundi anaifunga kwa siku moja. Bila hiyo mtajibana mkae na joto, na faida itaenda kwenye madrayer ya saluni.

Hatua ya 2: Soma mita Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi

Hii ndo hatua ya muhimu kuliko zote na haina gharama, ila ndo inayorukwa.

Ijumaa saa kumi na moja jioni wakati watu wanatoka, angalia uniti zilizobaki kwenye rimoti ya LUKU, piga picha na simu. Jumatatu saa mbili asubuhi kabla hamjawasha chochote piga tena. Katikati asinunue mtu umeme, na kama mkinunua basi ziongeze kwenye hesabu. Tofauti ya hizo picha mbili ni umeme mlioutumia kwa masaa 63 ambayo ofisini alikuwepo mlinzi peke yake.

Ngapi ni halali? Tuhesabu vile ambavyo vina haki ya kubaki vinawaka. Friji moja la kawaida linakula uniti moja mpaka moja na nusu kwa siku. Ruta, swichi ya mtandao na kamera za ulinzi tuseme wati 50 kwa pamoja, hiyo ni uniti 1.2 kwa siku. Taa sita za nje za LED za wati 10 usiku kucha, uniti 0.7. Jumla uniti tatu na ushee kwa siku, kwa wikiendi nzima nane au tisa. Mkiwa na sava ongeza tano sita nyingine, bila kuhesabu AC yake kama inayo. Kwahiyo ofisi yenye sava ikila 15 wikiendi hamna shida.

Lakini jaribu uone. Mara nyingi namba inayotoka ni 40, 50, na kuna ofisi inafika zaidi ya hapo. Ukila 50 wakati halali ni 15, uniti 35 zimeondoka bure, hiyo ni kama elfu kumi na mbili na nusu kwa wikiendi moja, na bado hujahesabu usiku wa Jumatatu mpaka Alhamisi ambapo mchezo ni ule ule.

Hiyo namba ndo silaha yako. Ukienda kwa bosi na "watu hawazimi vitu" atakujibu waambie wazime. Ukienda na picha mbili za mita na hesabu ya hela, hapo mnaongea lugha moja.

Hatua ya 3: Mtafute mlaji

Kama mita yenu iko karibu, sio zile za juu ya nguzo, ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Pembeni yake imeandikwa namba na "imp/kWh", yaani kitaa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, nyingi ni 1000 ila soma ya kwenu. Kwenye mita ya 1000 kitaa kikipepesa mara moja kila sekunde 3.6 maana yake mnavuta kilowati moja muda huo. Kikipepesa haraka haraka mara moja kwa sekunde mnavuta 3.6. Kikikaa sekunde 36 ndo kinapepesa mnavuta wati 100 tu.

Basi jioni moja wakishatoka wote baki na fundi au mtu anaejua kisanduku cha breka, zimeni breka moja moja mkiangalia kitaa. Ukizima breka kitaa kikapunguza kasi ghafla, hapo kuna kitu. Fuata hiyo laini mpaka kwenye soketi. Breka ya sava na ya kamera msiguse bila kumwambia mtu wa IT, mtazua balaa lingine.

Kama mita iko kwenye nguzo na mna rimoti tu ndani, fanyeni kwa kusoma uniti: zima upande mmoja, subiri lisaa, soma. Inachosha ila inafika.

Utakavyovikuta vinajulikana kabisa. AC ya chumba cha mikutano. AC ya bosi ambae kasafiri toka Alhamisi. Dispensa ya maji upande wa moto. Kompyuta za mezani zimeachwa na skrini tu ndo imezimwa. Na taa za choo, ambazo sijui kwanini zinawaka milele kwenye kila ofisi hii nchi.

Hatua ya 4: AC, hapa tukae kidogo

AC ya 18,000 BTU (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ya zamani isiyo inveta inavuta kama kilowati 1.7 kompresa ikiwa inafanya kazi. Kwa joto la Dar tuseme kompresa inafanya kazi asilimia 65 ya muda, masaa tisa kwa siku, siku 22 za mwezi. Inatoka kama uniti 219, hela ni karibu elfu 78 kwa mwezi. Kwa AC moja. Ukiwa nazo sita ni laki nne na elfu sitini na nane. Sasa niambie taa ya LED ya wati 18 mnaipigia kelele ya nini.

Cha kwanza ni nyuzi joto. Kuna imani imekaa kwenye vichwa vya watu kwamba ukiweka 16 chumba kinapoa haraka. Hapana. Kwenye AC ya kawaida kompresa iko kwenye hali mbili tu, inafanya kazi au imezima, haina gia ya tatu. Ukiweka 16 au 24 mwanzoni inapuliza ubaridi ule ule, tofauti ni kwamba ukiweka 24 inafika inapumzika, ukiweka 16 haifiki kamwe, inakimbia siku nzima. Na ya inveta ndo mbaya zaidi, maana faida yake yote iko kwenye kupunguza kasi chumba kikishapoa, sasa umeipa namba ambayo haiwezi kuifikia utapata wapi hiyo faida.

Wekeni 24 mpaka 26. Wahindi ambao joto lao tunalijua sote, toka Januari 2020 walilazimisha AC za vyumbani zitoke kiwandani zimesetiwa 24, na idara yao ya matumizi bora ya nishati inasema kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa kama asilimia 6. Ukitoka 18 kwenda 24 hizo ni nyuzi sita. Hata tukisema kwenye ofisi yako utapata nusu tu ya hiyo, asilimia 18 ya laki nne na sitini na nane ni elfu 84 kila mwezi, kwa kubonyeza rimoti.

Watu watalalamika kuna joto. Na wako sahihi kwa dakika ishirini za kwanza, mtu katoka kwenye daladala ya Mbagala kasimama njia nzima, we unamwambia 25. Dawa yake ni feni. Pangaboi au feni ya kusimama inakula wati 50 mpaka 75, na upepo wake unamfanya mtu ajisikie pamepoa kwa nyuzi mbili tatu hata kama kipimo cha chumba hakijabadilika. AC kwenye 26 na feni inazunguka watu wanakaa vizuri tu. Kingine ni mavazi, na hapa nazungumza na mabosi. Japani mwaka 2005 serikali yao ilianzisha kampeni inaitwa Cool Biz, ofisi ziweke AC 28 kiangazi na watu waje bila tai wala koti, na mawaziri wakawa wa kwanza kuvua. Sisi tuko Dar mwezi wa pili, mtu kavaa suti ya vipande vitatu halafu anaweka AC 17 ili suti imkae vizuri, na pembeni yake dada wa mapokezi kajifunika kitenge anatetemeka. Nani anamlipia mwenzake hapo?

Cha pili ni usafi. Filta za ndani zile za wavu zitoeni kila baada ya wiki mbili, zioshe kwa maji ya kawaida, zikauke kivulini, rudisha. Haihitaji fundi, dakika kumi. Kama mko karibu na barabara ya vumbi fanyeni kila wiki. Halafu kila miezi mitatu fundi aje aoshe yote pamoja na ile ya nje, maana ikijaa vumbi na nyuzi za pamba joto halitoki na kompresa inafanya kazi mara mbili.

Na fundi akija kila mara anakwambia "gesi imeisha bosi, tujazie", muulize swali moja: imeenda wapi? Gesi ya AC sio petroli, haitumiki ikaisha, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua inavuja. Atafute panapovuja azibe kwanza, ndo ajaze. Anaejaza bila kutafuta tundu atarudi mwezi ujao na utamlipa tena, na katikati hapo AC ilikuwa inakula umeme bila kupoza.

Cha tatu ni chumba chenyewe. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana upenyo ambao kalamu inapita, zibeni na mpira. Mlango uwe na kitu cha kuurudisha wenyewe. Zile patisheni ambazo hazijafika juu, AC ya chumba kimoja inapoza vyumba vitatu, hapo ama mfunge juu ama mkubali ni chumba kimoja muwashe moja yenye nguvu na feni. Dirisha linalotazama magharibi mchana jua linaingia lote, weka pazia nene ya rangi ya mwanga au bandika tinti. Na friji msiiweke kwenye chumba cha AC kama kuna sehemu nyingine, mgongoni inatoa joto ambalo AC inabidi ilitoe nje.

Cha nne ni majira. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane Dar kuna upepo wa kusi na asubuhi kunakuwa na ubaridi kabisa, kwanini AC iwashwe saa mbili asubuhi? Fungueni madirisha mpaka saa nne tano. Wekeni utaratibu kwamba miezi hiyo AC haiwashwi kabla ya saa tano, hakuna atakaekufa. Desemba mpaka Machi hapo hata mimi siwezi kukushauri hivyo.

Chumba cha sava kina mambo yake. Watu wa IT wanapenda kuweka 16 na humo hakuna binadamu. Shirika la wahandisi wa vipoza la Marekani, ASHRAE, linapendekeza hewa inayoingia kwenye sava iwe kati ya 18 na 27. Kwahiyo 24 inatosha kabisa, na hiyo AC inatembea masaa 24 siku 7 ndo maana nyuzi zake zina hela kuliko AC yoyote humo ndani. Kama sava yenyewe ni moja ndogo na stoo ina dirisha la juu, feni ya kutoa hewa inaweza kutosha, pimeni kwanza na kipimajoto.

Hatua ya 5: Mpe mtu mmoja kazi ya kufunga ofisi

Sio "kila mtu ahakikishe". Cha wote hakina mwenyewe. Weka utaratibu wa mlinzi wa usiku au dada wa usafi wa jioni, yule anaetoka au kuingia mwisho, awe na karatasi moja yenye orodha fupi: AC ya mikutano, AC ya bosi, AC za vyumba vingine, dispensa, fotokopi, taa za ndani, taa za choo. Anapita anatiki. Kama ni mlinzi wa kampuni ya ulinzi ongeeni na kampuni yake iingie kwenye kazi zake rasmi, msimpe mzee wa watu kazi ya ziada kwa kumwambia "mzee tusaidie".

Halafu mpeni mamlaka. Kama bosi kaacha AC na mlinzi anaogopa kuingia ofisi yake, huo utaratibu umekufa siku ya kwanza. Bosi aseme mwenyewe mbele ya watu: nikiondoka ingia zima.

AC moja ikiachwa usiku, masaa 15, hata tukisema usiku kompresa inafanya kazi nusu ya muda, ni karibu uniti 13. Elfu nne na mia tano kwa usiku mmoja kwa chumba kimoja.

Kama mna hela kidogo, soketi za taima zipo, unaiset dispensa iwake saa moja na nusu asubuhi izime saa kumi na moja. Hazilalamiki wala hazisahau. Ila usiweke AC kubwa kwenye zile taima ndogo za kuchomeka, zitaungua, AC nyingi rimoti yake ina taima yake mwenyewe na hakuna aliyewahi kuibonyeza.

Hatua ya 6: Kompyuta na mashine

Kompyuta ya mezani na skrini yake tuseme wati 100 kwa kazi za kawaida. Laptopu ni 30 mpaka 40. Kumi na mbili za mezani zikiachwa usiku, masaa 15, ni uniti 18, elfu sita na mia nne kila usiku. Watu wanaacha kwasababu asubuhi inachelewa kuwaka, au wana mafaili yamefunguliwa hawataki kuyapoteza. Basi iwekee ilale badala ya kuzima, yaani baada ya dakika 20 bila kuguswa ijilaze yenyewe, asubuhi ukibonyeza kitufe unakuta kila kitu palepale. Mtu wa IT anaweza kuiset kwa kompyuta zote siku moja. Na ile picha ya samaki wanaogelea kwenye skrini haiokoi kitu, skrini inawaka vile vile.

Mkinunua mpya nunueni laptopu, inakula umeme kidogo, na kwasababu ina betri yake ndani UPS mtaiondoa pia.

Fotokopi na printa za leza zina hita ndani ambayo ikiwa inafanya kazi inavuta zaidi ya kilowati, lakini zikilala zinakula kidogo sana. Cha kufanya ni kuingia kwenye menyu muweke muda wa kulala uwe dakika 5 au 10, maana nyingi mnaikuta imewekwa lisaa. Usiku zizimwe kwenye swichi ya ukutani.

Hatua ya 7: Jikoni

Dispensa ya maji ya moto na baridi ikiachwa masaa 24 inakula uniti moja mpaka mbili kwa siku, kwasababu maji yanapoa yenyewe inayachemsha tena, yanapoa, inachemsha, usiku kucha, hamna anaekunywa. Nyuma ina swichi mbili, ya moto na ya baridi. Ya moto zimeni, chemsheni chai kwa jagi la umeme asubuhi na saa kumi mweke kwenye chupa. Jagi lina wati 2000 linatisha, lakini linafanya kazi dakika tano sita tu, lita 1.7 inakula kama uniti 0.18. Chupa nzuri inakaa na moto mpaka jioni.

Friji: chomeka karatasi mlangoni funga, ukiivuta ikatoka kirahisi mpira umeisha, badilisha. Barafu ikijaa kwenye friza yeyusheni. Na kama mna friji mbili kwasababu moja ilinunuliwa kwa ajili ya sherehe ya mwaka juzi, mnajua cha kufanya.

Hatua ya 8: Taa

Nimeziweka huku kwa makusudi. Tyubulaiti za zamani za wati 36 ukijumlisha na choki yake (kile kifaa cha ndani ya fremu kinachoendesha tyubu) zinafika 45. Ya LED ya urefu ule ule ni 18. Ofisi yenye tyubu 40 zinazowaka masaa tisa itaokoa kama uniti 214 kwa mwezi, elfu 76, sio haba, inalipa ndani ya miezi michache. Ila mwambie fundi asichomeke LED kwenye fremu ya zamani kienyeji. Kuna za kuondoa choki kabisa na kuna za kubadilisha stata tu, inategemea aina ya choki iliyomo, asome kwenye boksi. Na pale dirishani ambapo mchana kuna mwanga wa kutosha atenganishe swichi, isiwe ukiwasha taa ya kona yenye giza unawasha na nyingine kumi.

Pampu ya maji

Hii fupi. Pampu ya HP 1 ni wati 750 na zaidi kidogo. Kama inawaka waka usiku wakati hamna mtu, choo kinavuja au floti ya tenki imekufa. Mnalipa umeme na maji ya DAWASA kwa pamoja.

Msinunue vile viboksi

Kuna viboksi vinauzwa mitaani na mitandaoni, unachomeka kwenye soketi kinawaka taa ya kijani, wanakwambia kinapunguza umeme asilimia 40. Ndani kuna kapasita ndogo na kitaa. Mita ya LUKU ya T1 inahesabu kilowati saa, nishati iliyotumika kweli, na hiyo kapasita haiwezi kuibadilisha. Kitaa chenyewe ndo kinakula umeme wako. Na anaekwambia anaweza "kuirekebisha" mita, mfukuze, mtakuja kulipa deni la TANESCO na faini na aliyewafungia hapatikani kwenye simu.

Ila kama mko T2, yaani mnazidi uniti 7,500 kwa mwezi, hapo kapasita ina maana, zile kubwa zinazofungwa na injinia kwenye meini. T2 uniti yao ni rahisi, 195 kwa bei ile ile ya 2016, lakini wanalipa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote mliowahi kuvuta kwa mpigo mwezi huo, na huo ndo kapasita inaupunguza. Kwahiyo kwenu nyie kinachoumiza ni kuwasha vitu vyote kwa mpigo saa mbili asubuhi. Washeni AC za floo moja, baada ya nusu saa floo nyingine. Kilele kikishuka kVA 20 ni laki tatu kwa mwezi kabla ya kodi.

Hatua ya 9: Weka namba wazi, halafu ndo mnunue vitu vipya

Kila Jumatatu picha ya mita iende kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: wikiendi hii uniti ngapi, iliyopita ngapi. Usiandike lawama, weka namba tu. Watu wenyewe wataanza kuulizana nani kaacha AC. Na mkubaliane na bosi mapema kabisa kwamba sehemu ya kinachookolewa inarudi kwa watu, iwe chapati na supu za Ijumaa au chochote, la sivyo kwa mfanyakazi hii yote ni kumpunguzia tajiri gharama huku yeye anatoka jasho.

Sola nayo watu wananiuliza sana. Ni nzuri kwa ofisi kwasababu matumizi yenu ni mchana, ila fanyeni hatua zote za juu kwanza, kaeni miezi mitatu mpate matumizi mapya, ndo mwite watu wa sola wawapigie hesabu. Ukiwaita leo watakuuzia paneli za kulisha ile AC inayowaka usiku.

AC mpya vile vile. Chumba cha mita nne kwa nne kinatosha 12,000 BTU, msiuziwe 24,000 eti ndo inapoza zaidi. Chukueni ya inveta, bei iko juu ila inayowashwa masaa tisa kila siku inarudisha, ile ya chumba cha mikutano kinachotumika mara moja kwa wiki haina haraka. Kama mna ya zamani ya gesi ya R22 inayovuja vuja, hiyo ndo ianze kutoka. Na siku fundi anafunga simama nae: ile ya nje ikae penye hewa na kivuli, sio kwenye kibaraza kilichozibwa pande tatu ambapo inavuta joto lake yenyewe, na mabomba yafungwe sponji mpaka mwisho, wengi wanaishia njiani.